Nina Usonji na Ninataka Kuendesha Lori: Je, Niendelee?

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 28 na ninaishi Igoma, jijini Mwanza, pamoja na mama yangu mzazi na kaka yangu mkubwa. Mwaka jana, baada ya kuhangaika kwa muda mrefu na kubadilisha kazi mara nne, daktari wa afya ya akili aliniambia kwamba nina usonji, ambao kwa Kiingereza huitwa autism, na kwamba nimekuwa nao tangu kuzaliwa. Sikuhuzunika. Niliona mambo mengi ya utotoni mwangu yamepata maelezo: kwa nini nilikuwa nikijificha chini ya dawati kengele ya shule inapolia, kwa nini sikuwatazama watu usoni hadi walimu wakadhani nina kiburi, na kwa nini niliweza kukariri namba za magari yote yaliyolala kwenye maegesho ya malori karibu na nyumbani kwetu.

Ninayapenda malori, Mama, wala si kwa jinsi mtoto anavyopenda kitu cha kuchezea. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiyaosha na kukaza nati za matairi kwa malipo madogo, na ninaweza kutofautisha kwa sikio injini iliyochoka na iliyo nzima. Mjomba wangu ni dereva wa lori linalopeleka vifaa vya ujenzi Geita na Katoro, na mara nyingi hunichukua. Tukishafika Usagara na kukunja kuelekea Kigongo, kelele za jiji zikabaki nyuma na barabara ikanyooka hadi darajani, mwili wangu hutulia kwa namna ambayo siipati mahali pengine popote. Mjomba hazungumzi sana, nami vilevile, na kati yetu hakuna anayeona kuwa kuna kasoro.

Mwezi wa tatu nilijiunga na shule moja ya udereva hapa mjini. Darasani nilizijua alama zote za barabarani kabla ya wenzangu. Siku ya nne ya mafunzo ya barabarani mwalimu alinipeleka katikati ya jiji, kwenye kipilefti cha Samaki, saa kumi na moja jioni. Alikuwa akinifokea maagizo yanayopingana, ingia, subiri, ingia sasa, na nyuma yetu daladala zilikuwa zikipiga honi mfululizo. Nilisimamisha gari, nikaachia usukani, nikaziba masikio kwa mikono miwili. Mwalimu alivuta hendibreki, kisha akaniambia mbele ya wanafunzi wawili waliokaa kiti cha nyuma kwamba mtu kama mimi hafai kuendesha hata baiskeli. Sijarudi tena pale, na ada yangu sikurudishiwa.

Tangu siku hiyo kaka yangu anasema niache ndoto hii kabla sijaua watu. Mama yangu mzazi hasemi kitu, ila nikitaja lori huinuka na kwenda jikoni. Mjomba yeye anasema niende nikawe utingo wake kwanza, lakini anahofia tajiri wa gari atasema nini akijua hali yangu.

Ninaomba unijibu bila kunionea huruma. Je, mtu mwenye usonji anaweza kuendesha lori bila kuhatarisha maisha ya wengine, au ninajidanganya? Je, tajiri aambiwe? Na je, ni vibaya kuvaa vizuia kelele masikioni ninapoendesha?

Kijana wa Igoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya kuijibu niliwaendea madereva wawili waliostaafu ambao marehemu mume wangu alifanya nao kazi ya malori kwa miaka mingi, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hisia peke yake. Mimi mwenyewe nimekaa kiti cha abiria cha lori mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, katika safari za Shinyanga, Nzega na Singida, na ninajua jinsi dereva anavyochoka. Umeomba nisikuonee huruma, nami nitakutii, kwa hiyo nianze na jambo gumu zaidi.

Kile kilichotokea kwenye kipilefti kina sehemu mbili, na ni lazima uzitenganishe. Sehemu ya kwanza ni kosa la mwalimu wako. Mwanafunzi wa siku ya nne hapelekwi katikati ya jiji saa ambayo kila mtu anakimbilia nyumbani, hapewi maagizo mawili yanayopingana katika pumzi moja, na hatukanwi mbele ya wenzake. Mwanafunzi yeyote angeweza kuchanganyikiwa pale, na maneno aliyokuambia hayana uzito wowote juu ya maisha yako. Ninakasirika ninapoyafikiria, na ninakusihi usiyabebe.

Sehemu ya pili ni yako, nayo ni kwamba uliachia usukani. Lori linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, hupita takriban mita 14 kila sekunde, na likiwa kwenye kilomita 80, ambazo ndizo kikomo cha magari mazito katika nchi yetu, hupita mita 22. Dereva anayeziba masikio kwa sekunde tatu tu kwenye barabara ya Musoma, pale Lamadi ambapo ng'ombe huvuka, atakuwa ameliacha lori lijiendeshe kwa zaidi ya mita 60. Sisemi haya ili kukutisha. Ninayasema kwa sababu hilo ndilo jambo moja ambalo usipolitatua hutakiwi kukaa nyuma ya usukani wa lori, na ukilitatua, mengine yote yaliyobaki ni mambo ya kujifunza.

Habari njema ni kwamba linaweza kushughulikiwa kwa mazoezi. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulisimamisha gari kwanza, ndipo ukaachia usukani, na sidhani kama umelitambua hilo. Katikati ya kelele zote zile, mguu wako ulikumbuka breki. Kinachotakiwa sasa ni kuurefusha mfuatano huo hadi mwili uujue bila kuuliza kichwa: punguza mwendo, washa taa za tahadhari, tazama kioo cha kushoto, toka pembeni mahali palipo salama, vuta hendibreki, zima injini, ndipo ufanye chochote ambacho mwili wako unahitaji ili utulie, hata kama ni kuziba masikio na kuyumba kwa dakika kumi. Ufanyie mazoezi mfuatano huo mara mia kwenye uwanja mtupu, ukiwa umetulia, kabla hujauhitaji hata mara moja. Kisha ujifunze kuutumia mapema, wakati unapoanza tu kuhisi sauti zinakuwa kali kuliko kawaida, badala ya kungoja hadi ufurike. Jiulize pia kwa ukweli ni dalili gani hukujia kwanza. Kwa wengine ni mabega kukaza, kwa wengine ni maneno ya watu kugeuka kelele tupu. Mjomba wako amekaa nawe saa nyingi ndani ya lori, kwa hiyo muulize yeye huona nini usoni pako kabla hujanyamaza kabisa.

Sasa swali lako kubwa. Ndiyo, wako watu wenye usonji wanaoendesha magari salama, na hilo si jambo la kubahatisha. Watafiti wa jimbo la New Jersey huko Marekani waliwafuatilia madereva vijana wenye usonji, wakalinganisha ajali zao na za vijana wengine, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wenye usonji hawakupata ajali nyingi zaidi. Walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata ajali kwa sababu ya mwendo kasi, na walivunja sheria za barabarani mara chache kuliko wenzao. Lakini utafiti huohuo ulionyesha udhaifu wao mahali fulani: kushindwa kuwapisha wengine wenye haki ya kupita, na kukata kona kuelekea kushoto. Kumbuka kwamba Wamarekani huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo kona yao ya kushoto ndiyo kona yetu ya kulia, ile ambayo dereva analazimika kuvuka mbele ya magari yanayokuja na kukisia nia ya watu wengine. Angalia jinsi hilo linavyofanana na kilichokupata kwenye kipilefti. Utafiti ule ulihusu vijana wa magari madogo, haukuwahusu madereva wa malori, na kwa hiyo usiuchukue kama cheti. Uchukue kama ramani inayokuonyesha mahali pa kutia nguvu zaidi katika mafunzo yako: makutano, vipilefti na kona za kulia.

Usonji pia haufanani kwa watu wawili, kwa hiyo majibu ya mwisho kuhusu wewe hayawezi kutoka kwangu wala kwa kaka yako. Rudi kwa daktari aliyekupima, na kama hapatikani tena, omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, umpelekee maswali matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi. La kwanza ni kuhusu kifafa, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na mtu mwenye degedege lisilodhibitiwa hapaswi kuendesha chombo chochote. La pili ni kuhusu dawa: kama umeandikiwa dawa yoyote ya kutuliza, uliza kama inaleta usingizi, maana baadhi yake huleta. La tatu ni kuhusu usingizi wenyewe. Watu wengi wenye usonji hulala kwa shida, na usingizi umewaua madereva wengi wazuri ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Fomu yoyote ya leseni ikikuuliza kuhusu afya yako, jibu ukweli. Nchini Uingereza mwenye usonji hutakiwa kuiarifu mamlaka ya leseni iwapo hali yake inaathiri uendeshaji salama, na iwapo haiathiri hasumbuliwi. Naiona kuwa kanuni ya haki, kwa kuwa inapima uendeshaji wa mtu wala haimhukumu kwa jina la hali yake.

Wale madereva wawili walinifundisha jambo ambalo nilikuwa nikiliona miaka yote bila kulitafakari. Mmoja wao aliniambia kwamba kuendesha ndiyo sehemu ya mapumziko katika kazi ya lori, na kwamba kinachomchosha mtu ni yale yanayotokea gari likiwa limesimama. Fikiria siku ya kupakia dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Wapagazi wanapiga kelele, magunia yanahesabiwa na watu watatu kwa sauti tatu, wafanyabiashara wanabishana bei karibu na sikio lako, harufu ni kali, jua linawaka, na katikati ya hayo yote mtu anakuja kukuambia kwamba mzigo umebadilika na safari imeahirishwa hadi usiku. Fikiria foleni ya mizani, ambapo gari likionekana limezidi kwenye ekseli moja unalazimika kupanga mzigo upya huku mwenye mzigo akikulaumu kwenye simu. Fikiria tairi limepasuka saa nane usiku mahali pasipo na mtandao. Huko ndiko nguvu zako zitakakoliwa, na dereva aliyeliwa nguvu zake zote kwenye kupakia hupanda kwenye usukani akiwa hana akiba.

Kwa sababu hiyo ninakubaliana kabisa na mjomba wako. Nenda ukawe utingo wake, na usiione kazi hiyo kuwa ya kusogeza siku. Utingo ndiye anayekagua upepo wa matairi na wa breki, anayefunga turubai na kukaza kamba, anayeweka kabari chini ya gurudumu gari linaposimama mlimani, anayemwelekeza dereva anaporudi nyuma, na anayepokea na kuzihifadhi karatasi za mzigo. Kazi nyingi kati ya hizo zinamtaka mtu wa aina yako, mtu ambaye hawezi kulala kabla hajahakikisha kwamba nati ya kumi imekazwa kama ile ya kwanza. Madereva wazembe huacha ukaguzi wa asubuhi kwa sababu jana gari lilikuwa zima. Wewe, kwa maelezo yako, hutauacha. Ukae utingo kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, ili uone barabara ikiwa kavu na ikiwa na utelezi, na ujue ni siku zipi unarudi nyumbani ukiwa na nguvu na ni zipi unarudi ukiwa umefurika. Weka daftari. Andika tarehe, safari, kilichokulemea na ulichofanya. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuambia ukweli kuliko mtu yeyote wa familia yako.

Njia ya mjomba wako nayo inakufaa kuliko unavyodhani. Zamani safari ya Geita ilikuwa na kivuko katikati, na mwenye lori hakuweza kujua kama angevuka baada ya saa moja au baada ya nusu siku, huku watu, mizigo na wachuuzi wakiwa wamesongamana gatini. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, zile kilomita 3 za maji huvukwa kwa dakika chache. Kwa watu wengi hiyo ni nafuu ya muda. Kwa mtu ambaye kutojua kitakachofuata humuumiza mwilini, hiyo ni nafuu kubwa zaidi, na nadhani ndiyo sababu mwili wako unatulia pale barabara inaponyooka. Tafuta kazi ya namna hiyo utakapokuwa dereva kamili: njia ileile, wateja walewale, kuondoka asubuhi na kurudi kulala kwako. Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, ina mteremko wa Sekenke ambao umewashinda watu wenye uzoefu, na ina kulala kwenye maegesho yenye muziki na majenereta. Usikimbilie huko kwa sababu posho yake ni nono. Wako madereva wengi wanaoheshimika ambao hawajawahi kupita Nzega.

Kuhusu leseni, hakuna njia ya mkato na usikubali kuuziwa. Utaanza na leseni ya kujifunzia, utapata daraja la magari madogo, utaendesha kwa muda, ndipo utakapofundishwa na kupimwa kwa ajili ya daraja E, ambalo ndilo la malori. Askari wa usalama barabarani ndio wanaopima, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Safari hii usichague shule kwa sababu iko karibu na nyumbani. Nenda ukaulize chuo cha ufundi cha VETA Nyakato kuhusu kozi zao za udereva, na popote utakapokwenda, omba kuzungumza na mwalimu kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mwambie hivi: ninajifunza vizuri nikipewa agizo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya kawaida, na nikielezwa tulichokusudia kufanya kabla hatujakifanya, ninaomba wiki za mwanzo tufanye mazoezi asubuhi, Kisesa au Buhongwa, ndipo tuingie mjini. Huna haja ya kutaja usonji ikiwa hutaki. Mwalimu akicheka, umeokoa ada yako.

Kuna somo moja ambalo shule haitakufundisha, na ninataka ulizingatie sana. Barabara zetu zina lugha isiyoandikwa. Lori lililo mbele yako likiwasha taa ya kulia bila kupunguza mwendo, mara nyingi linakuambia usilipite kwa sababu kuna gari linakuja, na likiwasha ya kushoto linakuambia barabara ni nyeupe, pita. Lakini taa hizohizo ndizo anazotumia mtu anayekata kona, na mwenye lori anaweza kuwa amekosea au amesahau tu kuizima. Matawi mabichi yaliyowekwa barabarani maana yake mbele kuna gari lililoharibika. Gari linalokuja likikumulikia taa mara mbili mchana linaweza kuwa linakuonya kuhusu ajali, ng'ombe, au kukuambia kwamba mlango wako uko wazi. Watu wengine huokota lugha hii bila kufundishwa. Wewe ujifunze kama ulivyojifunza alama za barabarani: muulize mjomba maana ya kila ishara mnayokutana nayo, uiandike, na uandike pia maana yake ya pili. Kisha ujiwekee sheria moja isiyovunjwa, kwamba hutalipita gari lolote kwa ahadi ya taa ya mtu mwingine bila kuiona barabara kwa macho yako mwenyewe. Wakikupigia honi nyuma, waache wapige.

Askari wa barabarani ni somo jingine. Askari huwa anamtazama dereva usoni ili ajue kama anasema kweli, na wewe hutazami watu usoni, kwa hiyo ukimya wako unaweza kusomeka kama ujeuri au kama dalili ya kuficha jambo. Fanyeni mazoezi na mjomba wako, yeye akiwa askari na wewe ukiwa dereva, hadi maneno yawe mepesi mdomoni: shikamoo au habari za kazi afande, leseni yangu hii, karatasi za mzigo hizi. Uweke nyaraka zote kwenye faili moja, kwa mpangilio uleule kila siku, ili mkono ujue pa kwenda hata kama kichwa kimekwama. Unaweza pia kuwa na kadi ndogo yenye sentensi mbili: nina usonji, ninaelewa ninachoambiwa ila ninachelewa kujibu ninapoulizwa maswali mengi kwa pamoja, naomba uniulize moja moja. Mpe askari kadi hiyo mapema, kabla hajakasirika.

Sasa tajiri. Mjomba wako ana wasiwasi wa kweli, na sitaki kuupuuza, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini nadhani aambiwe, na aambiwe na mjomba wako pamoja nawe mkiwa mmesimama pale, kabla ya safari ya kwanza kama utingo. Akija kujua baadaye, siku ambayo umefurika mbele ya mteja, ataona kwamba alidanganywa, na mjomba wako atapoteza imani aliyoijenga kwa miaka. Msianze na neno usonji. Anzeni na kazi: kijana huyu ameosha na kukagua malori kwa miaka mitatu, halewi, hachelewi, hesabu yake ya magunia haipotei, kelele nyingi kwa pamoja humlemea, na zikimlemea anahitaji dakika chache peke yake, daktari ameiita hali hii usonji. Tajiri ana haki ya kujua lolote linalogusa usalama wa gari na mzigo wake. Hana haki ya kukudharau. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi katika ajira, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Tajiri mwenye malori mawili haguswi na hesabu hiyo, lakini makampuni makubwa yanaguswa, na siku utakapokuwa na leseni yako mkononi ni vizuri ujue kwamba mlango huo upo.

Ukishakuwa dereva, jiwekee mipaka ya saa wewe mwenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori halazimiki kubahatisha: baada ya saa nne na nusu za kuendesha ni lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku. Ichukue kanuni hiyo, na kwa upande wako uifupishe, usimame kila baada ya saa mbili hata kama hujisikii kuchoka, kwa maana watu wengi wenye hali kama yako hawasikii njaa, kiu wala uchovu hadi vimekuwa vingi mno. Tumia saa ya mkononi, usiutegemee mwili kukukumbusha.

Kaka yako usibishane naye. Ana hofu ya kweli, na sehemu ya hofu hiyo nimekwisha kukubali kwamba ina msingi. Mwonyeshe daftari lako baada ya miezi sita. Mama yako ni jambo jingine. Mwanamke anayeinuka na kwenda jikoni kila neno lori linapotajwa anaona gari limepinduka mtaroni, na nimewahi kuwa mwanamke huyo, usiku mwingi sana. Kilichonisaidia mimi ni kupelekwa safari moja. Mwombe mjomba amchukue hadi Kigongo na kurudi, siku ya mchana, wewe ukiwa utingo, akuone unavyozunguka gari na kukagua tairi moja baada ya jingine. Na baada ya hapo, kila safari, umpigie simu mkiwa mmesimama, kwa saa mliyokubaliana, hata kama huna la kumwambia zaidi ya kwamba mmefika.

Limebaki swali la masikio. Unapoendesha usiyazibe kabisa, kwa sababu honi, king'ora cha gari la wagonjwa na sauti ya upepo unaovuja kwenye breki ni taarifa ambazo dereva hawezi kuzikosa, na wewe hasa, uliyeniambia kwamba unaijua injini kwa sikio, utakuwa umejinyima kipawa chako. Ikiwa makali ya sauti yanakuumiza, funga vioo, zima redio, na umwambie utingo wako mapema kwamba mjini hamtazungumza. Ila mkiwa Mwaloni, injini imezimwa na wapagazi wanapakia, vaa vizuia kelele vizito kuliko vyote ulivyo navyo, simama upande ambao hakuna gari linalorudi nyuma, na uhesabu magunia kwa macho.

Mama yako wa safu hii